Bamia Zisizo na Tundu

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kutoa mboga Fukayosi na kuzifikisha Dar es Salaam kabla hazijalala. Sikuzaliwa katika kazi hiyo. Kwetu ni Bagamoyo mjini, mtaa wa Dunda, na watu wa upande wa baba walikuwa watu wa dukani: kanga, ubani, viungo, uzi wa kushonea kofia. Nilipoachika nikarudi kwa mama, na mwaka wa pili nikaanza kununua mchicha kwa wakulima na kuupanga barazani. Mwaka wa tatu nikapanda gari la mizigo. Mama hakupenda. Alisema binti wa nyumba yetu hawezi kuonekana amekaa baina ya matenga. Nilimjibu kwa adabu kwamba viungo vya marehemu babu navyo vilitoka shambani kwa watu.

Siku hizo mboga zilisafiri kwenye matenga ya fito, moja juu ya jingine, yamefunikwa majani ya mgomba. Wakulima walivuna asubuhi, mboga zikakaa kando ya barabara zikingoja gari, na gari lilikuja lilipopenda. Ukifika sokoni Dar jua limeshasimama. Tenga la juu lilikuwa na mboga, la kati lilikuwa na mboga iliyochoka, na la chini ukilifungua ulikuta uji. Nimemwaga nyanya chungu na bamia za watu kwenye jalala la soko mara nyingi hata wale wanaookota jalalani wakawa wananijua kwa sauti. Kilichoniuma ni kwamba mkono uliozilima niliujua, na mtu wa mjini aliyezihitaji alikuwa hatua mia kutoka pale, ananunua kabichi iliyokauka.

Kwa hiyo mradi wa mboga ulipokuja niliupokea kwa mikono miwili. Ulimleta bibi shamba, binti mwembamba mwenye miwani, mtu wa bara, aliyejifunza kuamkia kama sisi katika wiki moja. Aliwakusanya wakulima wa Fukayosi katika kikundi, akawaonyesha kuvuna alfajiri kabla jua halijachomoza, kuweka mboga kivulini, na kutumia kreti za plastiki zenye matundu badala ya matenga. Kisha kikajengwa chumba cha baridi, kidogo tu, mfano wa banda la duka, kina paneli za sola juu ya bati. Siku kilipowashwa wazee waliingia mmoja mmoja, wakasimama ndani wamekumbatia mikono, wakatoka wakicheka. Mimi nilichaguliwa kuwa mpokeaji na msafirishaji wa kikundi. Kila Jumatatu na Alhamisi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilikuja asubuhi na mapema, tukapakia, tukashuka mpaka Dar kwenye duka kubwa la vyakula lililokuwa limekubali kununua kwetu.

Mkulima wa kwanza kukubali kreti alikuwa mzee mmoja ambaye mimi nilimwita mjomba. Hakuwa mjomba wa damu. Bibi yangu mzaa mama alitoka pande hizo, Mkwere, na siku ya kwanza nilipofika shambani kwake mzee aliniuliza mimi wa kwa nani. Nikamtajia ukoo wa bibi. Akafikiri, akahesabu majina kwa vidole, akasema, basi wewe ni mpwa. Tangu hapo ikawa mjomba na mpwangu, na mkewe akawa mkaza mjomba kweli kweli, kwa maana hakuniruhusu kuondoka pale bila kutia kitu mdomoni.

Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Ujanani alichoma mkaa, akaacha kwa sababu ya kifua, akageukia bamia kwenye kipande cha ardhi karibu na lambo. Wakati wa kuvuna alijifunga kitambaa kwenye kidole gumba kwa sababu ya muwasho, akawa anakata huku anasoma uradi wake taratibu. Alipoona bamia zake zinaingia chumba cha baridi alisema, "Zinalala pazuri kuliko mimi." Huo ndio mzaha pekee niliowahi kumsikia akiutoa mbele ya watu.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda, na sitaki kuyadharau kwa sababu ya yaliyofuata. Bamia ilifika Dar ikiwa na umande wake. Ukiivunja ncha ililia. Mkaza mjomba aliezeka nyumba upya. Nami nilipita sokoni siku moja, nikaliona lile jalala, nikashukuru.

Lakini duka lile lilikuwa na mlango wa nyuma, na mlangoni alikuwapo mpokezi, mwanamume wa makamo aliyevaa glavu nyeupe na kushika rula. Hakuwa mtu mbaya. Aliniamkia vizuri, aliniuliza hali za nyumbani, halafu akamwaga kreti juu ya meza ya bati na kuanza kuchagua. Bamia ndefu kupita rula, nje. Iliyopinda, nje. Yenye doa, nje. Na yenye tundu, hata liwe dogo kama ncha ya sindano, ilitolewa pamoja na kreti nzima, kwa kuwa aliamini palipo na tundu moja yapo mengine. Nilipomwambia kwamba kule shambani tundu ni alama ya kuwa mboga haina sumu, kwamba mdudu naye ana akili, alitabasamu.

"Dada, mteja akiona tundu ameona mdudu," alisema. "Akiona mdudu harudi."

Zilizorudishwa nilikuja nazo Dunda. Wanawake wa mtaani kwetu hawakuwa na habari ya rula. Walizipika, na kwa kweli zilikuwa nzuri, na mama mwenyewe alizila, ingawa alizikagua moja moja kwanza.

Kisha mvua za vuli zikaisha mapema, joto likashika, na funza wakaingia kwenye bamia. Shamba la mjomba ndilo lililoshikwa zaidi kwa kuwa lilikuwa karibu na maji na majani yake yalikuwa laini. Bibi shamba angekuwapo angetafuta njia. Alikuwa na njia zake za majivu, mwarobaini na mitego ya njano. Lakini alikuwa amepelekwa wilaya nyingine kwa miezi mitatu kuanzisha kikundi kama chetu. Akipatikana kwenye simu alisema tungoje, atakuja.

Duka halikungoja. Kreti za mjomba zilirudishwa Jumatatu moja. Zikarudishwa tena Alhamisi yake. Siku hiyo ya pili mpokezi alivua glavu kabla ya kuzungumza nami. Alisema wakubwa wake wameamua: zikija na tundu mara ya tatu watasimamisha mzigo wote wa Fukayosi, na nimwelewe, yeye ni mtu wa kutumwa tu. Nilielewa. Mzigo wote maana yake ni kikundi chote, nyumba zote zile, pamoja na mimi. Nikamwambia Jumatatu sitaleta bamia za shamba lile, na Alhamisi nitaleta zilizo safi.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa Lugoba. Nilikwenda kuwatazama watu wenye pilipili hoho, kwa kuwa duka lilikuwa linaziulizia. Nilipokuwa nasubiri usafiri wa kurudi nikaingia kwenye duka la pembejeo, kibanda tu chenye rafu mbili, ambacho sasa hakipo tena. Nikamweleza muuzaji habari ya funza. Akainama chini ya meza, akatoa dumu lisilo na karatasi, akanimiminia dawa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Ilikuwa nyeupe kidogo, na ilikuwa na harufu kali kama ya kitunguu saumu kilichooza.

Nilimuuliza mkulima akishapiga dawa hiyo angoje siku ngapi ndipo avune. Bibi shamba alikuwa ametufundisha kuuliza swali hilo, na alitufundisha kwamba kama hujui, ngoja siku saba. Muuzaji alisema wengine wanavuna hata kesho yake. Nilijua kwamba hilo si jibu la mtu anayejua. Lakini ndilo nililotaka kulisikia, kwa hiyo sikuuliza la pili. Nikaifunga chupa kwenye kipande cha kanga, nikaitia mkobani.

Jumatatu asubuhi, gari likiwa linapakiwa mboga za wengine, nilimpelekea mjomba shambani. Alikuwa amekaa kwenye tuta anang'oa magugu. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza hali ya mama. Nikampa chupa, nikamwambia maneno ya mpokezi kama yalivyo, bila kuyapunguza, kwamba safari hii ikirudi ni kikundi chote. Akaifungua, akanusa, akageuza uso.

"Baada ya siku ngapi?" aliuliza.

"Gari linakuja Alhamisi, mjomba."

Alinitazama kidogo. Halafu akaifunga chupa vizuri, akaiweka kivulini pembeni yake.

"Haya, mpwangu," alisema.

Hakuwa na glavu. Barakoa alizogawa bibi shamba zilikuwa zimeshachakaa, na mkaza mjomba alikuwa ameifua ya mwisho mpaka ikawa kama chandarua. Bomba lake la mgongoni la kupigia dawa lilikuwa linavuja kwenye mfuniko. Yeye mwenyewe alikuwa ameniambia mwezi uliopita, tukalizungumza kama watu wanavyozungumza habari ya paa linalovuja wakati wa kiangazi. Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama pale. Nikaenda zangu kupanda gari.

Alipiga dawa Jumanne asubuhi. Yaliyotokea nilielezwa na mkaza mjomba. Alianza mapema, lakini dawa ilimchelewesha kwa kuwa alitaka kila jani lipate, juu na chini. Jua likawa kali. Dawa ilimtiririkia mgongoni ikalowesha shati, ikashuka mpaka kiunoni, naye akafikiri nusu yake ni jasho. Alipomaliza alikuja nyumbani akavua shati, akalitundika kwenye uzio, akaomba maji. Hakuyanywa. Mate yalianza kumtoka kama mtoto anayeota meno, macho yakamwaga machozi, akatapika, haja ikamtoka bila yeye kujua, na nyama za mapajani zikawa zinacheza zenyewe chini ya ngozi. Mkewe alidhani ni jua. Akamwogesha kwa maji baridi, na labda hilo ndilo lililomwokoa. Kisha majirani wakampeleka zahanati, na zahanati wakasema mara moja, Bagamoyo.

Nilimkuta wodini Jumatano. Walikuwa wamemchoma sindano za kutosha, na alikuwa analala na kuamka bila kujua alipo. Mboni zake zilikuwa zimekuwa ndogo kabisa, nukta mbili tu. Daktari, kijana mtaratibu, aliuliza ni dawa gani. Mkaza mjomba akanitazama mimi. Nikasema niliinunua mimi, na jina silijui. Akaniuliza kama chupa ina maandishi. Nikasema ina maandishi ya maji ya kunywa. Aliniuliza rangi, nikamwambia. Aliniuliza harufu, nikamwambia, akatikisa kichwa, akaandika. Hakunilaumu kwa neno. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la zege karibu na mahali wanapofulia nguo za wagonjwa, na nilipojaribu kusoma kitu cha kumwombea sikuweza kufika mwisho wa aya ninayoijua tangu utoto.

Sasa nifike kwenye Alhamisi, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika.

Nilifika Fukayosi alfajiri kama kawaida. Kwenye chumba cha baridi nilikuta kreti za kila mtu zimepangwa, na upande wa ukutani kreti nne zenye alama ya mkaa ya mjomba. Wenzake wa kikundi walikuwa wamekwenda kumvunia kabla ya jua, kwa wema wao, ili mgonjwa asipate hasara mbili. Mama mmoja aliniambia hivyo huku anafuta mikono kwenye kanga yake, akitaka nifurahi. Hakuna aliyetaja kwamba ni siku mbili tu tangu dawa ipigwe. Huenda walijua na wakadhani mimi ninajua zaidi yao.

Nilizifungua. Zilikuwa bamia nzuri kuliko zote nilizowahi kupakia. Kijani kimoja, urefu mmoja, hakuna doa, hakuna tundu. Niliinamia nikanusa, na chini ya harufu ya mboga mbichi ilikuwapo ile nyingine, kwa mbali, au labda ilikuwa kichwani mwangu tu. Mpaka leo sijui. Dereva alipiga honi. Nilifikiri kuzimwaga lamboni, nikafikiri ng'ombe wanaokunywa humo. Nilifikiri kuziacha, nikafikiri mpokezi atauliza bamia ziko wapi, nami niliahidi. Nilifikiri kusema ukweli mbele ya wale watu, na hapo ndipo mawazo yangu yalipokoma, kwa sababu ukweli ulianza na mimi.

Nikasema zipakieni.

Mpokezi alizimwaga mezani, akazigeuza kwa glavu zake, akachukua rula na kuirudisha mfukoni bila kuitumia.

"Hizi ndizo, dada," alisema. "Mwambie mwenye shamba ashike hapo hapo."

Nilimwambia nitamwambia. Dereva alikwenda kutafuta chai, nami sikuweza kukaa garini. Nikazunguka mbele ya duka, nikaingia kama mteja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote hiyo. Mle ndani kulikuwa baridi kama kwenye chumba chetu. Bamia za mjomba zilikuwa zimeshapangwa kwenye sinia chini ya taa nyeupe. Mwanamke mmoja, mjamzito, alikuwa anachagua. Alikuwa anavunja ncha kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, kama tunavyofanya sote, na zilizolia anazitia kwenye mfuko wa kununulia. Nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia zile ncha zikivunjika. Aliniona, akadhani nataka kuchagua, akasogea kunipisha. Akasema leo wameleta nzuri. Nikasema ndiyo. Akaondoka nazo.

Hilo ndilo nililolifanya. Sikumpiga kumbo, sikumwambia azioshe, sikumwambia azichemshe amwage maji. Nimejiuliza mara nyingi ingenigharimu nini, na kila mara jibu ni dogo kuliko nilivyotarajia.

Mjomba alitoka hospitali baada ya siku kumi na mbili. Watu walisoma dua nyumbani kwake, wakachinja mbuzi, na mimi nilipika pilau na wanawake wengine, nikala. Alikuwa amekonda lakini anatembea, na kila aliyemwona alisema Mungu mkubwa. Wiki ya tatu akaanza kusema nyayo zinamwasha kama amekanyaga siafu. Kisha kandambili zikawa zinamtoka mguuni bila yeye kujua. Kisha magoti yakakataa. Tulimrudisha kwa daktari yule yule, akamgonga magoti kwa kinyundo, miguu isijibu, akatueleza polepole kwamba baadhi ya sumu hizi hufanya hivyo: huondoka mwilini, na baadaye mishipa ya fahamu inakufa kuanzia chini. Mkaza mjomba aliuliza itapona lini. Daktari alisema kwa wengine hupona kidogo.

Haikupona. Alikaa kwenye mkeka mlangoni, na kutoka pale aliliona shamba. Mkewe alilima peke yake msimu mmoja, akashindwa, likarudi kuwa majani.

Bibi shamba aliporudi nilimweleza kila kitu, yeye wa kwanza. Tulikuwa tumesimama nje ya chumba cha baridi. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, akavua miwani.

"Nilisema siku saba," alisema.

"Ulisema."

Akaniuliza waliokula ni nani. Nikamjibu sijui, na kwamba nilimwona mmoja. Aliandika taarifa. Baada ya mwezi wakaja wageni watatu wa mradi kwenye gari jeupe, wakaitisha mkutano, wakagawa glavu mpya na barakoa mpya, wakatupanga tukapigwa picha tumezivaa. Walimtembelea mjomba na kumpa pole. Habari ya zile kreti nne haikutajwa katika mkutano, si na wao, si na mimi, na bibi shamba alipofungua mdomo kuitaja mmoja wao alimgusa mkono akasema hilo linashughulikiwa. Sijui lilishughulikiwa wapi. Mwaka uliofuata mradi ulifika mwisho, kama miradi inavyofika. Betri za chumba cha baridi zilikufa, hakuna aliyejua mahali pa kupata nyingine, na sasa wanaweka humo saruji.

Nilikuwa nikienda kwa mjomba kila wiki. Nilimpelekea samaki kutoka mjini, nikakaa naye, nikaondoka, na kila nilipoondoka nilikuwa sijasema. Siku niliyosema ilikuwa alasiri, mkewe yuko uani anatwanga. Nikamwambia kwamba ile dawa niliinunua bila kujua ni nini, na aliponiuliza siku ngapi nilimjibu habari ya gari.

"Nilikusikia," alisema. "Nilijua kwamba hujui. Nami niliogopa kurudishiwa mara ya tatu kama wewe. Hapo tuko wawili, mpwangu."

Ningeishia hapo. Mtu mwingine angeishia hapo, angeshika msamaha wake akaenda nao nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshafunguka, nikamwambia na lile la pili, kwamba zile bamia zilivunwa Alhamisi ile, nikazipeleka, zikapokewa.

Hakuwa anajua. Hilo sikulitazamia. Miezi yote ile alikuwa amedhani wenzake walizifukia, au ziliozea mashinani. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza kwa kuwa halikumpitia kichwani kwamba mtu anaweza. Mchi uani ukakoma.

"Zote?" aliuliza.

"Zote, mjomba."

"Na watu wamekula."

"Wamekula."

Alimwita mkewe amletee maji ya udhu. Alipotawadha alichukua muda mrefu kwenye mikono. Mimi nilikaa pale, sikujua kama niondoke. Alipomaliza kuswali, akiwa bado ameelekea kibla, aliniambia jua linashuka, nisije nikakosa usafiri. Alisema, "Nenda, binti." Hakuniita mpwa tena, siku ile wala siku nyingine, ingawa niliendelea kwenda na aliendelea kunipokea, kuniuliza hali ya mama, na kunishukuru kwa samaki.

Alifariki masika yaliyofuata kwa kifua. Alizikwa Fukayosi, na mimi nilikaa na wanawake. Watu walinipa mkono wa pole kama jamaa wa marehemu. Sikujua niukatae vipi.

Sikuacha kazi ya mboga. Watu hudhani ningeiacha, na nilijaribu. Nilikaa nyumbani miezi mitano nikishona. Lakini sina kazi nyingine, na mji wa Dar unakula kila siku, na mboga zitakwenda huko kwa mikono ya mtu. Duka lile sipeleki tena. Napeleka kidogo kidogo, kwa wanawake wenye magenge ya mboga huko Bunju na Tegeta wanaokubali tundu. Siku moja moja nakwenda shambani mwenyewe kabla ya kuvuna, natazama majani, nanusa, namuuliza mkulima amepiga dawa lini na dawa gani. Akisema jana, siichukui. Wengine wananidanganya. Najua wananidanganya, kwa kuwa najua mtu anavyotazama pembeni anaposema hivyo. Wapo ambao wameacha kuniuzia, wanamuuzia kijana mwenye gari lake asiyeuliza kitu, na duka lile halijawahi kukosa bamia zilizonyooka.

Mwezi uliopita, nilipokuwa napita Fukayosi, mkaza mjomba alinisimamisha barabarani. Sasa anaishi kwa kaka yake na amezeeka haraka. Tuliamkiana. Alikuwa na mafungu ya kisamvu kichanga kwenye ungo, amekifunika kwa kitambaa kibichi. Aliniuliza kama nitachukua.

"Hiki hakipigwi dawa," alisema. "Muhogo unaota wenyewe."

Nikasema nitachukua chote. Akakitoa fungu moja moja na kunipa mkononi, hakutaka kuniachia ungo.